FUNDI ANAJIBU: Pima kwanza, spea baadaye

Habari zenu wasomaji. Maswali ya toleo hili nimeyasoma yote na karibu yote yana stori moja, gari imemsumbua mtu, kaenda gereji, kabadilishiwa kitu, siku mbili tatu mbele tatizo limerudi vilevile kama hakuna kilichofanyika. Hii kitu inaniuma sana kwa sababu injini haifichi ugonjwa wake, inaongea, ila sisi tunakimbilia boksi la spea kabla hatujaisikiliza. Nimechagua nane. Kama swali lako halipo soma ya wenzako, jibu lako linaweza kuwa humohumo.

SWALI: Fundi habari za kazi. Gari yangu ya petroli silinda nne iliwasha taa ya injini, wakaiweka kwenye skana ikatoa P0171, fundi akasema ni sensa ya oksijeni, akaweka mpya. Siku ya tatu taa ikawaka tena na namba ileile. Sasa anasema hata hiyo mpya huenda ni feki, tuweke nyingine. Nikubali?
– Dada mwenye gari ndogo

JIBU: Usikubali dada, bado. P0171 maana yake kompyuta inasema hewa imekuwa nyingi kuliko petroli kwenye injini, basi, haijasema popote kwamba sensa ni mbovu. Sensa ya oksijeni ndiyo iliyopeleka hiyo taarifa, kwa hiyo kuitoa ni kama kumfukuza mlinzi aliyekuja kukuambia kuna mtu anaruka ukuta.

Hizi namba zinazoanza na P0 zina maana moja kwenye gari ya kampuni yoyote, Marekani walilazimisha mfumo wa OBD-II, ule wa gari kujipima yenyewe na kutoa namba ya kosa, kwenye magari madogo yote kuanzia ya mwaka 1996 na Ulaya wakafuata kwenye magari ya petroli 2001, ndio maana skana moja inasoma magari ya kila aina. Lakini namba inakuonyesha mtaa tu, nyumba unatafuta mwenyewe.

Sasa inatafutwa hivi. Injini ya petroli inataka kama kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo 1 ya petroli. Hewa ikizidi, kompyuta inaongeza petroli ili kufidia, na hiyo nyongeza inaonekana kwenye skana kwa asilimia, tunaiita fueli trimu. Ile ya muda mrefu ikicheza ndani ya kama 10 juu au chini haina neno, ikipanda ikakaribia 25 ndio kompyuta inachoka kufidia na taa inawaka. Mwambie fundi wako injini ipate moto vizuri, asome trimu gari ikiwa imetulia bila kukanyaga mafuta, aandike, halafu apandishe mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika ashikilie hapo, aandike tena. Ni dakika tano tu, na haihitaji kufungua hata bolti moja.

Trimu ikiwa juu gari ikitulia halafu ikashuka ukipandisha mizunguko, kuna sehemu inavuta hewa ya wizi baada ya sensa ya hewa, kwa sababu injini ikitulia inavuta hewa kidogo na huo mvujo unakuwa sehemu kubwa ya hewa yote, ukikanyaga inavuta hewa nyingi mno na ule mvujo unamezwa hauonekani tena. Ikiwa kinyume chake, yaani inazidi kupanda kadiri unavyokanyaga, basi petroli haifiki ya kutosha, angalia presha ya pampu, filta, au sensa ya hewa imechafuka inahesabu hewa pungufu.

Mwaka huu niliipata moja kama yako, trimu 23 ikitulia na 5 kwenye 2,500. Tukaangalia hozi zote kwa macho, nzima kabisa. Tukaingiza moshi wa mashine ya kupimia mivujo, ukaanza kutoka taratibu nyuma ya manifodi, yale mabomba ya kuingiza hewa kwenye silinda, nikapitisha kidole chini ya ule mpira mdogo wa PCV, wa kurudisha mvuke wa oili kwenye injini, nikakuta umelainika kwa oili na umepasuka urefu wa kucha, upande wa chini ambao jicho halifiki. Mpira tu! Yule mwenye gari alikuwa ameshabadilisha sensa mbili. Na tafadhali fundi asitafute mvujo kwa kupuliza dawa ya kuwaka juu ya injini ya moto, nimeona moto ukishika hivyohivyo.

SWALI: Kaka, mi ni dereva wa teksi. Gari inamisi wiki ya pili sasa, inatetemeka nikisimama na taa ya injini haiwaki moja kwa moja, inawaka inazima inawaka inazima. Inatembea lakini. Skana inasema P0302. Naweza kumalizia mwezi ndio niipeleke?
– Dereva

JIBU: Hapana kaka, usimalize hata wiki. Taa ikiwaka ikatulia maana yake tafuta muda upime, ikiwaka na kuzima namna hiyo maana yake injini inamisi, yaani kuna silinda haichomi petroli yake, kiasi cha kuunguza katalisti, lile boksi la kusafishia moshi chini ya gari. Petroli ambayo haikuungua kwenye silinda inakwenda kuungulia mle, ndani yake kuna kauri ya matundu matundu kama sega la nyuki, inayeyuka, inaziba njia ya moshi, na hapo gari itakosa nguvu kabisa hata ukitengeneza hiyo misi. Yaani kitu kidogo kinaenda kuua kikubwa.

P0302 ni silinda namba 2. Kama kila silinda ina koili yake, ile inayoipa plagi umeme wa cheche, kazi ni rahisi. Toa koili ya namba 2 weka namba 3, ya 3 lete 2, futa namba ya kosa, endesha. Ikija P0303, koili ndiyo mgonjwa, imehama na ugonjwa wake. Ikibaki P0302 koili haina kosa, fanya vilevile kwa plagi. Ikibaki tena, injekta, ile inayopulizia petroli: chukua bisibisi ndefu, ncha kwenye injekta na mpini kwenye sikio, utasikia tik tik tik, linganisha na za jirani, iliyo kimya utaijua. Zote zikiwa sawa ndio unapima kompresheni, yaani presha ya hewa inayobanwa ndani ya silinda. Kitu kimoja kwa wakati mmoja tafadhali, ukihamisha koili na plagi pamoja hutajua nani kapona kwa dawa gani.

Ukiitoa ile plagi usiitupe, ishike kwenye mwanga uisome. Rangi ya kahawia nyepesi ni afya. Masizi meusi makavu ni petroli nyingi, nyeusi ya kuloa oili ni ringi (pete za pistoni) au sili za valvu, nyeupe iliyochomeka ni joto kupita kiasi au hewa nyingi. Halafu izungushe taratibu uangalie sehemu nyeupe ya kauri kwa nje, ukiona mstari mweusi mwembamba kama umechorwa na penseli kutoka juu kwenda chini, hapo ndipo umeme ulikuwa unaruka kwa pembeni badala ya kwenda kwenye ncha. Plagi ya hivyo inaharibu na mpira wa koili, mstari kama huo utauona ndani ya mpira pia, badilisha vyote viwili, ukibadilisha kimoja kitamwambukiza mwenzake. Na kama tundu la plagi limejaa oili, gasketi ya kifuniko cha valvu imechoka, ianze hiyo.

SWALI: Fundi shikamoo. Gari inachemsha nikiwa kwenye foleni, barabarani nikitembea inashuka yenyewe. Fundi alitoa themostati akaitupa akasema haina kazi. Ikapoa wiki moja sasa imerudi, na mafuta naona inakunywa zaidi. Sijui nifanyeje.
– Mzee mwenye pikapu

JIBU: Marahaba, ingawa mzee wangu umri wako huenda ni mkubwa kuliko wangu, mimi ndiye wa kukuamkia. Swali lako limeshabeba nusu ya jibu. Gari inayochemsha ikisimama na kupoa ikitembea, jambo la kwanza kabisa ni feni, kwa sababu ukitembea upepo unafanya kazi ya feni, ukisimama hakuna upepo na feni ndiyo inatakiwa ichukue zamu. Ingekuwa inachemsha kwenye mwendo mkubwa au kupanda mlima ningesema rejeta imeziba au pampu ya maji haisukumi.

Kama feni ni ya umeme: injini ipate moto, angalia inawaka au haiwaki. Haiwaki, angalia fyuzi, halafu rilei, halafu ipelekee umeme wa betri moja kwa moja, ikizunguka feni ni nzima na tatizo ni waya, rilei au sensa ya joto, isipozunguka mota imekufa. Kama ni feni ya kuvutwa na mkanda yenye klachi katikati, zima injini ikiwa ya moto sana kisha izungushe kwa mkono, ikizunguka kirahisi kama haina kazi basi klachi imeisha.

Sasa themostati. Inarudishwa, tena mpya. Wanaoitoa wanaamini wanaisaidia injini kumbe wanaiumiza, themostati inafunguka kwenye nyuzi joto 82 mpaka 95 hivi kutegemea gari, kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake la kazi na kuishikilia hapo. Bila hiyo injini inakaa ya baridi, kompyuta inaendelea kumwaga petroli nyingi kama ya kuwashia injini baridi, ndio hiyo unayoona inakunywa, na oili inachafuka mapema. Kuna injini nyingine themostati ikifunguka inaziba pia ule mlango wa pembeni, ukiitoa ule mlango unabaki wazi muda wote na maji mengi yanazunguka ndani tu bila kupita kwenye rejeta, hapo gari inachemsha kuliko mwanzo.

Angalia na kifuniko cha rejeta, watu wanakidharau. Maji ya kawaida yanachemka nyuzi 100, ila kifuniko kikibana presha ya karibu bar 1 yanakwenda mpaka kama 120 ndio yachemke. Springi yake ikilegea au mpira ukikatika, gari itachemsha na kila kitu kingine ni kizima. Lakini usikifungue injini ikiwa ya moto, mzee wangu, hata na kitambaa. Nilipokuwa najifunza nilikifungua kwa haraka ya kumridhisha mteja, maji yakaruka mkononi, kovu lipo mpaka leo na vijana wangu wote nimewaonyesha.

Ukimaliza hayo yote bado inachemsha, tupime gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa washa, shika hozi ya juu ya rejeta, ikiwa ngumu kama mpira uliojazwa upepo ndani ya dakika moja mbili wakati maji bado ya baridi, huo si mvuke, ni gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Kuna kipimo cha dawa ya bluu unakiweka juu ya mdomo wa rejeta, kinavuta hewa ya humo, dawa ikigeuka njano gesi ya moshi imo. Hapo hakuna ubishi tena.

SWALI: Gari inazima ghafla safarini, stata inapiga vizuri lakini haishiki. Nikikaa nusu saa inawaka kama haikuwa na kitu. Gereji tatu zimesema ni nzima maana nikifika iko poa. Nimechanganyikiwa.
– Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Pole sana, hii ndio kesi ngumu kuliko zote kwa sababu mgonjwa anapona mlangoni kwa daktari. Sababu ninayoikuta mara nyingi ni sensa ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Ndani yake kuna koili ya waya mwembamba sana, ikipata moto waya unatanuka, penye ufa panaachana, kompyuta inakosa kujua krenki iko wapi na inakata cheche na petroli kwa pamoja. Ikipoa waya unagusana tena, gari inawaka.

Ushahidi unapatikana palepale ilipozima, sio gerejini kesho yake. Tafuta ile skana ndogo ya kuunganisha na simu, ikae kwenye gari. Siku ikizima, kabla haijapoa, piga stata huku ukiangalia namba ya mizunguko kwenye simu. Injini inazunguka kwa stata unaisikia, halafu simu inaonyesha 0, sensa au waya wake ndio wa kwanza kuhojiwa. Ikionyesha 150, 200 hivi, sensa inaongea, geukia petroli: washa swichi bila kupiga stata, unasikia pampu ikilia sekunde mbili kwenye tanki? Haikulia, angalia rilei ya pampu na pampu yenyewe, nayo inaweza kufa ikipata moto.

Sensa ya waya mbili unaweza kuipima kwa multimita upande wa omu, soma ikiwa baridi, kisha ipashe moto kwa ile mashine ya hewa ya moto usome tena, ikiruka ikaonyesha waya umekatika umeshamkamata. Ya waya tatu usiipime kwa omu, hiyo ina saketi ndani na inahitaji umeme ndio iseme kitu. Na kabla hujainunua vuta soketi ya waya wake uangalie, nimewahi kukuta pini moja imeota kutu ya kijani na sensa yenyewe haina kosa lolote.

SWALI: Asubuhi nikiwasha inatoa moshi wa bluu kidogo, baadaye hakuna. Naambiwa nifanye ovahoo.
– Msomaji

JIBU: Ovahoo, yaani kufungua injini nzima na kuifufua, kwa moshi wa asubuhi? Ngoja kwanza. Usiku oili inashuka taratibu kupitia sili za valvu zilizokakamaa inaingia silinda, ukiwasha inaungua, inaisha. Sili zinabadilishwa na kwenye injini nyingi hata hedi haifunguliwi. Moshi wa bluu unaotoka ukikanyaga mafuta na haukatiki, huo ndio tunaanza kuzungumza ringi, tena baada ya kupima kompresheni, sio kwa kuangalia moshi peke yake.

SWALI: Chini ya kifuniko cha oili kuna kitu cheupe kama krimu. Nimeogopa, ni gasketi?
– Mama wa shule

JIBU: Huenda sio, mama. Gari ya safari fupifupi haipati moto wa kutosha kukausha unyevu, unagandia pale juu kwenye kifuniko. Vuta kijiti cha oili. Oili ya kijiti ikiwa ya rangi yake na maji kwenye chupa ya akiba hayapungui, futa kile cheupe, tembea safari ndefu moja, uangalie tena. Ila kijiti nacho kikitoka na rangi ya maziwa, usiiwashe tena hata kuisogeza, ivutwe mpaka gereji, oili yenye maji haiwezi kulinda beringi za krenki na zitaisha kwa muda mfupi sana.

SWALI: Fundi nisaidie haraka. Nimepita kwenye maji yaliyojaa barabarani gari ikazima katikati. Wameivuta nje. Nikipiga stata inagonga ‘tok’ inasimama. Jamaa anasema tuisukume.
– Kijana

JIBU: Msiisukume na usipige stata tena! Hiyo ‘tok’ ni pistoni inagonga maji. Hewa inabanika, maji hayabaniki, kwa hiyo pistoni ikipanda na maji juu yake kitu fulani lazima kipinde na mara nyingi ni koneksheni rodi, chuma kinachounganisha pistoni na krenki. Ukiisukuma kwenye gia unaipa nguvu kubwa kuliko ya stata, utaipinda au itatoboa bloku kabisa.

Toa waya wa betri. Fungua boksi la eya klina, ikiwa imeloa maji yamepita. Toa plagi zote, kata petroli na koili, rudisha betri, kisha piga stata kidogokidogo ukiwa umekaa mbali na matundu, maji yatarushwa juu kama mrija umepasuka. Mpaka yaishe. Mimina oili yote, iwe na maji isiwe na maji, badilisha na filta. Halafu pima kompresheni kabla ya kurudisha chochote, silinda moja ikisoma chini kuliko wenzake wazi, rodi yake inaweza kuwa imepinda na pistoni haifiki tena juu kabisa. Gari ya hivyo inaweza kuwaka na kutembea vizuri wiki kadhaa halafu rodi ikakatika katikati ya safari, kwa hiyo usishangilie ikiwaka. Pima.

SWALI: Fundi mimi ni mwanafunzi wa gereji, mwaka wa kwanza. Nimepima kompresheni injini ya petroli silinda nne nimepata 175, 170, 90, 85 psi. Bosi anasema ringi zimekufa tushushe injini. Mimi sijaridhika lakini naogopa kumbishia mkubwa. Naomba unifundishe.
– Mwanafunzi

JIBU: Mdogo wangu barua yako imenifurahisha kuliko zote, kwa sababu umeandika namba na umeziandika kwa mpangilio. Nitakujibu kwa urefu.

Kwanza tuhakikishe namba zenyewe ni za kweli. Injini ilikuwa ya moto? Ulitoa plagi zote nne au ile moja unayopima tu? Ulikata petroli na koili? Betri ilikuwa imejaa, maana iliyojaa ikipumzika inasoma volti 12.6, na mtu alikanyaga mafuta mpaka chini ili hewa iingie? Usipokanyaga silinda zote zinasoma chini na unaweza kuhukumu injini nzima bila kosa. Kama yote uliyafanya, tuendelee. Injini nyingi za petroli zikiwa nzima zinasoma kati ya 120 na 180, na kitabu cha gari husika ndicho kinasema mwisho, lakini kikubwa zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda, isizidi asilimia 10 mpaka 15. Yako imefika nusu.

Angalia ni zipi. 3 na 4, majirani, na zote zimeshuka karibu sawa. Ringi zikichoka kwa umri kwa kawaida zinachoka zote, sio mbili za pembeni zikafa na mbili zikabaki na 170. Majirani wawili wakishuka pamoja mtu wa kwanza kushukiwa ni ile kuta nyembamba ya gasketi katikati yao, imeungua, silinda moja inapumulia kwenye nyingine.

Lakini usimwambie bosi bado, nenda na ushahidi. Weka kijiko kidogo cha oili kwenye tundu la plagi la namba 3, zungusha injini mara mbili tatu, pima tena. Ikipanda sana, oili imeziba penye ringi, bosi yuko sahihi. Ikikaa palepale 90 au ikapanda kidogo tu, hewa inatokea juu, kwenye valvu au gasketi. Kisha kipimo cha pili, ninachokipenda kuliko vyote. Silinda ya 3 iweke pistoni juu kabisa kwenye kubana, valvu zote zimefungwa, ingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi, mwenzako ashikilie krenki isizunguke, halafu zima redio na waombe wenzako wanyamaze. Weka sikio kwenye bomba la moshi, ukisikia hewa ni valvu ya kutolea. Kwenye mdomo wa eya klina, valvu ya kuingizia. Kwenye tundu la kumiminia oili, ringi. Angalia rejeta, mapovu ni gasketi kwenda kwenye maji. Sasa weka kiganja juu ya tundu la plagi namba 4, ukihisi upepo unakusukuma mkono, umemaliza. Mwite bosi, mwambie kwa heshima, “Bosi naomba uweke mkono hapa.” Hutahitaji kumbishia, mkono wake mwenyewe utamwambia.

Mkifungua hedi, injini iwe baridi kabisa, na bolti zilegezwe kwa zamu kuanzia pembeni kuja katikati, vinginevyo hedi ya alumini inapinda mkiitoa. Safisha uso wake, weka rula ya chuma iliyonyooka, kwa urefu, kwa upana, na kona kwa kona, jaribu kupitisha fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, chini yake. Injini nyingi hazivumilii zaidi ya milimita 0.05, unene wa unywele mwembamba, kitabu kitakuambia ya kwenu. Ikizidi, hedi iende kwa mtu wa mashine ikasawazishwe. Usikubali mtu asugue uso wa bloku kwa lile diski la msasa la mashine, unga wake unaingia kwenye njia za oili na utakula beringi mpya ndani ya muda mfupi, tumia kikwaruo na uvumilivu. Na mjiulize gasketi iliungua kwa nini, maana haiungui hivihivi, kama gari ilichemsha na feni au rejeta haijatengenezwa mtaifungua tena.

Bolti za hedi nyingi za siku hizi zinavutika zikikazwa, ni za kutumia mara moja, chukueni mpya. Kaza kuanzia katikati kwenda nje kwa hatua zilizoandikwa, toki spana (spana ya kupima nguvu ya kukaza) kwanza kisha nyuzi za kuzungusha, alama ya kalamu kwenye kila kichwa cha bolti usipoteze hesabu. Kabla ya hapo ingiza kitambaa na hewa kwenye kila tundu la bolti ndani ya bloku, utoe oili na maji yote. Lile tundu lisilotokea upande wa pili likibaki na maji, bolti inayabana chini hayana pa kwenda, na bloku inaweza kupasuka mkononi mwako ukiwa unakaza vizuri kabisa kwa kufuata kitabu.

Mkishawasha na ikapata moto, pima silinda zote nne upya, andika kwenye daftari lako pembeni ya zile za mwanzo, na uniandikie umepata ngapi.